Mgongo unauma: laki sita za godoro au mazoezi kwanza?

Ukisema tu mbele za watu kwamba mgongo unakusumbua, ushauri unakuja wa aina mbili kabla hujamaliza kuongea. Wa kwanza atakuambia tupa hilo godoro, nunua gumu, lile madukani wanaliita godoro la mgongo. Wa pili, huyu mara nyingi ni mtu wa jimu, atakuambia godoro wala halina kosa, mwenye kosa ni wewe unayeshinda kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni, makalio yamelala, tumbo limelegea, nyonga zimekaza, piga mazoezi miezi mitatu hata kwenye mkeka utalala fresh. Wote wawili wanaongea kwa kujiamini kabisa na wote wana ukweli fulani, ndo maana huu ubishi hauishi.

Mimi naegemea kwa mtu wa jimu, niseme mapema. Ila kuna mahali naye anapiga chenga.

Hoja yake ni hii. Kuna daktari mmoja wa Czech, Vladimir Janda, alieleza huu mpangilio kiasi kwamba mpaka leo wataalamu wa viungo wanautumia: misuli ya mbele ya nyonga na ile ya kiunoni inakaza, ya tumbo na ya makalio inadhoofika, ukiunganisha iliyokaza na iliyolegea mistari inapishana kama msalaba, na matokeo yake nyonga inainamia mbele, kiuno kinabonyea ndani, tumbo linatokeza hata kwa mtu ambaye hana kitambi. Mtazame dereva wa daladala akishuka kwenye gari baada ya foleni ya Mbagala, au fundi cherehani akisimama kujinyoosha, utaona. Sasa jiulize godoro linaingiaje hapo. Misuli inapata nguvu ikifanyishwa kazi, na ukiwa umelala haifanyi kazi yoyote ya maana, kwahiyo hakuna sponji wala spring itakayokuamshia makalio wewe ukiwa unakoroma. Muuzaji anayekuambia hili litakunyoosha mgongo anakuuzia maneno.

Na si watu wa jimu peke yao wanaosema hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini (maumivu ya mgongo wa chini kwa ujumla, sugu na yasiyo sugu, kwa hesabu zao mwaka 2020 yalikuwa na watu milioni 619 duniani), na kati ya vitu walivyopendekeza kuna mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba za mikono kama masaji. Ile mikanda ya kiuno inayouzwa kila kona wakasema isitumike kama tiba ya kawaida. Yaani mwelekeo ni kuufanya mwili ufanye kazi, siyo kuufunga au kuulaza.

Chenga yenyewe iko hapa. Mtu wa jimu anakuangalia kwa pembeni, anaona nyonga imeinama, anasema hii ndo inayokuuma. Taratibu bwana. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa Uingereza uliopima nyonga za watu 120 wasio na maumivu yoyote, asilimia 85 ya wanaume na asilimia 75 ya wanawake nyonga zao zilikuwa zimeinamia mbele. Wazima hao! Kwahiyo mkao wako unaweza ukawa wa kawaida tu na maumivu yakawa yanatoka kwingine, na hapo ndo upande wa godoro unapata nafasi ya kusikilizwa, kwasababu huwezi kusema masaa saba ya kila usiku hayana mchango wowote halafu masaa tisa ya kiti yawe ndo kila kitu.

Tena upande wa godoro una ushahidi wake, tatizo ni kwamba ushahidi wenyewe hausemi kile wanachosema madukani. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Hispania ukachapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2003. Watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa godoro gumu wengine la ugumu wa kati, wakafuatiliwa siku 90. Waliolalia la kati ndo walipata nafuu zaidi, kitandani na asubuhi wakiamka na hata kwenye shughuli zao za mchana. Kwenye kipimo walichotumia, ambacho 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa, lile gumu lilikuwa 2.3 na la kati 5.6, yaani katikati kabisa, wala siyo kaubao. Halafu Wadenmaki nao wakalinganisha godoro la maji, la sponji inayofuata umbo la mwili, na futoni ngumu (godoro la mtindo wa Kijapani), ile futoni ndo ilisaidia kidogo kuliko zote. Tofauti hazikuwa kubwa kivile lakini zinatosha kuonyesha kwamba ile "gumu ndo dawa" tumerithishana tu, labda toka enzi za vitanda vya kamba, maana mtu aliyekulia kwenye teremka-tukaze iliyolegea akihamia kwenye kitu kigumu lazima aone kapona.

Sababu yenyewe ni rahisi ukijiangalia ukiwa umelala ubavu. Mwili siyo ubao, bega limetokeza, nyonga imetokeza, kiuno kimeingia ndani. Godoro likiwa gumu sana bega na nyonga ndo vinabeba uzito wote na kiuno kinaning'inia hewani, likiwa laini sana nyonga inazama uti wa mgongo unapinda upande wa pili. Na huyu mwenye misuli isiyo sawa tunayemzungumzia, ndo anateseka zaidi kwenye gumu, kwasababu misuli ya mbele ya nyonga ikikaza halafu ukalala chali miguu umenyoosha, ile misuli inavuta kiuno juu, kinabaki kama upinde usiku kucha. Jaribu leo, lala chali weka mto chini ya magoti, wengi mnaosumbuliwa na kiuno mtasikia kinashuka chenyewe. Wanaolala ubavu mto uwekwe katikati ya magoti, na wa kichwani ujaze nafasi kati ya sikio na bega, siyo ile mito miwili minene ya kupandishia shingo. Hiyo ni bure, na mimi ningeanza nayo kabla ya kugusa hata shilingi ya godoro.

Haya, twende dukani sasa. Kule watu wanachanganya sana uzito wa sponji na ugumu wa sponji. Godoro limeandikwa high density, muuzaji anapiga ngumi juu yake, "bosi hili ndo la mgongo, sikia lilivyoshiba." Uzito ni kilo za malighafi kwenye mita moja ya ujazo, na unakuambia zaidi litadumu muda gani kabla ya kubonyea. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuliminya, hicho ni kipimo kingine kabisa. Kiwandani wanaweza kutengeneza sponji nzito iliyo laini, na wanaweza kutengeneza nyepesi ambayo siku ya kwanza ni ngumu kama nini halafu ndani ya mwaka ina shimo la umbo lako. Ile ya pili ndo inayowaliza watu. Wananunua ugumu wa siku ya kwanza. Kuna na haya ya orthopedic, mengine ndani ni vipande vya mabaki ya sponji vimesagwa vikagandishwa kwa gundi, ni kweli hayabonyei haraka ila ni magumu hasa, mtu mwembamba anayelala ubavu ataamka bega limekufa ganzi. Na hilo jina lisikutishe, kuandikwa orthopedic hakumaanishi kuna daktari wa mifupa aliyelipima.

Memory foam, ile sponji inayofuata umbo la mwili, nayo imeingia kwa kasi, na stori kwamba ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani, ni ya kweli, ilibuniwa 1966, ila kazi yake ilikuwa siti za ndege, migongo ya watu kitandani haikuwepo kwenye mpango. Ina raha yake kwa bega na nyonga. Kasoro ni kwamba inalainika ikipata joto na inashikilia joto la mwili, sasa wewe wa Dar mwezi wa pili umeme umekatika feni imezima, utaelewa. Yule wa Njombe mwezi wa saba ataikuta ngumu mpaka aipashe kwa mwili wake kwanza.

Kupima dukani ni vita. Magodoro yako kwenye nailoni, yamesimamishwa ukutani, na ukiomba kulala unaangaliwa kama umekuja kupumzika. Omba tu. Lala kwa namna unayolalaga nyumbani, siyo kukaa pembeni na kudundadunda, kaa hapo dakika kumi kama watakuvumilia. Ukiwa chali pitisha kiganja chini ya kiuno, kikipita bila kugusa chochote hilo ni gumu kwako, kikikwama kabisa au ukihisi makalio yamezama ni laini. Ukiwa ubavu mwambie uliyeenda naye akupige picha kwa nyuma, mstari wa mgongo toka shingoni mpaka kiunoni uonekane umenyooka. Siyo kipimo cha maabara ila kinashinda ngumi ya muuzaji. Na uzito wako una maana kubwa: godoro la kati kwa mtu wa kilo 60 ni laini kwa mtu wa kilo 100, ndo maana ushauri wa jirani "mimi hili limenisaidia" hauhamishiki hivihivi.

Alafu kabla ya yote hayo, inua hilo godoro ulilonalo uangalie chaga. Nasema kwa uzito kabisa. Kitanda kizuri cha mninga kutoka Keko lakini chaga ni mbao nyembamba nne zimeachana futi nzima, mbili zimepasuka katikati, godoro lolote ukiweka pale litatitia, na wewe utasema godoro feki. Mwite fundi aongeze mbao, ziwe karibu karibu na ziwe zimenyooka, gharama yake hata haikaribii ya godoro. Unaweza pia kushusha godoro chini sakafuni usiku chache ulinganishe, mgongo ukitulia pale chini basi ujue chaga ndo mchawi.

Kuna kitu kingine kinachopotosha watu, nacho ni ugumu wa asubuhi. Diski za uti wa mgongo, zile pedi laini kati ya mfupa na mfupa, zinafyonza maji usiku, ndo maana asubuhi unakuwa mrefu kidogo kuliko jioni, na zikiwa zimejaa hivyo hazipendi kukunjwa. Kuna utafiti wa Marekani wa 1998 ambapo wenye maumivu sugu walifundishwa kuepuka kuinama masaa ya kwanza baada ya kuamka, maumivu yakapungua. Sasa mtu anaamka, anainama kudeki au kufua kwenye beseni saa kumi na mbili asubuhi, kiuno kinalia, anasema godoro. Ndugu, subiri kidogo, tembea, chemsha chai kwanza, kudeki utadeki baadaye.

Kwahiyo mwenye laki sita mkononi na mgongo unaouma afanye nini? Kama godoro lina bonde linaloonekana kwa macho ukiondoa shuka, au unalala mgongo ukiwa mzima unaamka unauma na ukilala ugenini hali inakuwa afadhali, nunua, tena usingoje mpaka eti mkao urekebike kwanza, usingizi mbovu unakuongezea maumivu na hayo mazoezi hutayafanya umechoka. Chukua la kati, sponji nzito. Kama godoro liko sawa ila mgongo unauma mchana ukikaa, hela hiyo ingefanya kazi zaidi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, hata mara tatu nne akuonyeshe mazoezi ya makalio na tumbo na jinsi ya kulegeza nyonga, kwasababu anayekuona kwa macho ataona kitu ambacho video haiwezi kukiona. Anayepata ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo, mguu kuishiwa nguvu, huyo ni hospitali leo hii, asisome haya maneno.

Ila usifanye vyote wiki moja. Ukinunua godoro jumamosi na kuanza mazoezi jumatatu, mwezi ukiisha umepona utalisifia godoro, na mazoezi utayaacha. Na ukiwa unalala na mwenzio ambaye mmepishana kilo 30, ligeuzeni godoro kichwa kuja miguuni kila baada ya miezi michache, maana upande wa mzito unawahi kushuka na yule mwepesi anaishia kulala mteremkoni.