Eyam si kijiji cha mizimu

Ndugu mwandishi, makala yako ni nzuri, ila kukiita Eyam, kijiji cha Derbyshire huku Uingereza, "kijiji cha mizimu" umewakosea wenyeji. Mimi naishi Sheffield, si mbali na hapo, na nimekwenda mara nyingi. Watu wanaishi pale, shule ya msingi ipo na watoto wanasoma.

Tauni iliingia mwaka 1665 na viroboto waliokuwa kwenye robota la vitambaa vya mshona nguo, lililotoka London. Juni 1666 mchungaji William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley, ambao hata kidini hawakuwa upande mmoja, waliwasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakaambukiza jirani. Wakakubali! Walikufa watu wapatao 260, akiwemo Catherine, mke wa Mompesson.

Lakini nenda kaone lile jiwe la mpakani, ukishuka kuelekea kijiji jirani cha Stoney Middleton. Lina matundu sita. Humo wanakijiji walitia sarafu ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa, na jirani wakawaachia chakula. Nilitia kidole changu tundu moja, kingo zake zimelainika kabisa. Na kule juu shambani, ndani ya kiukuta cha mawe, ndipo Elizabeth Hancock alipozika mume na watoto sita kwa siku nane. Mwenyewe, kwa mikono yake.

Jumapili ya mwisho ya Agosti huwa wanafanya ibada ya kuwakumbuka. Tafadhali, rudi siku hiyo, uzungumze na wenyeji, kisha uandike upya.