Ile Video Imekatwa Mwisho

Kwa kuwa mwenzangu wa koti la njano ameshairusha kila kundi ile video ya hotuba yangu mlimani, ninapoonekana kama nalia, mpaka shangazi kanipigia kuuliza nilikuwa namwomboleza nani, naomba na mimi nisikilizwe. Kwanza, sikulia. Ulikuwa upepo. Pili, video imekatwa, na kipande kilichokatwa ndicho chenye aibu yenyewe. Najua anakitunza kwa ajili ya siku ya harusi yangu. Sasa namuwahi.

Vilele vitano kwa siku moja, mpangaji mimi. Nilikuwa na jedwali la rangi tatu na filimbi shingoni. (Wewe unayeuliza filimbi ya nini, tulia, tutaifikia.) Nilishasoma kanuni ya Naismith, yule mpanda milima Mskoti aliyeitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni kama saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, halafu unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu hadi kilele cha mwisho ilikuwa kilomita 15, na kilele hicho, kirefu kuliko vyote, kiko mita 600 juu ya pale tulipoegesha magari. Jumla masaa manne. Tukianza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne tunakunywa chai kileleni. Niliandika hivyo hivyo, kwa kijani na herufi kubwa: CHAI.

Koti la njano akaitazama karatasi akauliza, "Sasa hapa kati ya kilele na kilele, tunaruka?"

Nikamwambia aache ukorofi.

Jamani, kila ukimaliza kilele unateremka mita 250 hivi, halafu mita zile zile unazipanda upya. Mara nne. Hizo ni mita 1,000 ambazo jedwali langu halikuwahi hata kuzisikia. Ukizijumlisha na zile 600, Naismith mwenyewe angefika saa sita mchana inakaribia, na hesabu yake ni ya mtu mwenye pumzi, asiyepumzika njiani. Sisi tulikuwa tunapumzika kwenye kila jiwe lenye dalili ya kukalika. Ile chai niliyoiandika kwa kijani tuliinywa kilele cha pili, kwa hasira, bila mtu kuongea.

Kilele cha tatu kina mteremko wa mawe ambao nikaamua kuupita kwa makalio, kiufundi. Katikati nikasikia "praaa". Nikajiambia ni begi. Kila mtu nyuma yangu akanyamaza kwa namna fulani, nikadhani wanavutiwa na ufundi.

Kufika saa nane ukungu ukashuka, huoni mita 20 mbele. Tunapanda tu, vichwa chini, mpaka njia ikalala na mbele yetu likatokea rundo la mawe yaliyopangwa vizuri. Kilele cha tano! Sasa naomba twende taratibu, maana hapa ndipo heshima yangu ilipozikwa.

Nikapanda juu ya rundo. Nikavua kofia. Nikamwambia koti la njano arekodi. Nikaanza kumshukuru mama. Nikamshukuru baba. Nikawashukuru walionibeza nilipoleta jedwali, nikiwaangalia mmoja mmoja usoni. Niliposema "mlima haujui cheo cha mtu" sauti ikakatika kidogo, na macho yakapata ule upepo niliowaambia. Watu wakapiga makofi, nafikiri ili nimalize. Sikumaliza. Nikasema sasa nitapiga filimbi tano, moja kwa kila kilele. Nikapiga. Halafu, kwa unyenyekevu, nikaongeza ya sita kwa ajili ya mpangaji.

Mliowahi kupanda milima mmeshashika vichwa. Filimbi sita ndani ya dakika moja, milimani, ni ishara ya kuomba msaada.

Kimya. Kisha kutoka ndani ya ukungu filimbi ikajibu: mara tatu. Hiyo nayo ina maana yake, ni "tumesikia, tunakuja". Mimi nikaona tunapongezwa. Nikawaambia wenzangu, "Mnaona? Mlimani kuna undugu." Nikarudisha sita nyingine, kwa nguvu zaidi, nikapunga na kofia.

Hatua zikasikika. Mtu anakimbia. Kokoto zinaporomoka. Koti la njano akashusha simu (ndipo video yenu inapoishia), akaninong'oneza, "Kamanda, kileleni mtu anatokaje juu?"

Swali likanipita kichwani bila kupata pa kutua. Akatokeza baba mmoja, kamba begani, kisanduku cha huduma ya kwanza mkononi, anahema. Nyuma yake binti wa miaka tisa au kumi, yeye hahemi hata kidogo.

"Nani kaumia?"

Hakuna aliyejibu. Mimi bado niko juu ya rundo, kofia mkononi.

"Nani kaumia, jamani?"

"Hakuna, kaka," nikasema. "Tunasherehekea. Tumefika kileleni."

Baba akalitazama rundo. Akanitazama mimi. Akakiweka kisanduku chini polepole, kwa uangalifu, nikatamani angekirusha. Binti ndiye aliyesema: "Hapa si kileleni. Hapa ni njia panda." Na ukungu, ambao ulikuwa na siku nzima ya kuondoka, ukachagua dakika hiyo. Nikageuka. Nyuma yangu likafunuka pande la mlima ambalo ilinibidi kuinua kidevu ili nilimalize, na huko juu kabisa watu wadogo wadogo, wamekaa, wanakula.

Kwa kugeuka, bila shaka, niliwapa mgongo.

"Baba," binti akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "huyu anko kaumia. Suruali yake imefunguka yote."

Koti la njano alikaa chini. Si kwa uchovu. Yule mwingine, mpole, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno, akakiri kwamba walijua tangu kilele cha tatu lakini waliona nina furaha.

Mengine nayafupisha. Nilimwomba baba yule radhi, akanifundisha ishara za filimbi mbele ya wote, binti akinisahihisha nilipozirudia. Tukapanda, tukafika, hakuna aliyetaka hotuba. Kushuka mapaja yalitetemeka mpaka nikawa nashuka ubavuubavu, kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi, gari tuliliona kwa tochi.

Na kwa mlioandika kwamba kwenye picha ya kilele nimependeza kwa kufunga sweta kiunoni: kule juu kulikuwa na baridi kuliko tulipoegesha magari kwa nyuzi kama nne, upepo haujahesabiwa, na kila mtu pichani amevaa sweta lake mwilini. Haikuwa fasheni.