Nilidai Deni, Kompyuta Ikaacha Nipotee

Jamani, mimi ni seremala. Kazi yangu randa na msumeno. Lakini siku hizi ukienda ofisini kudai hela yako unaambiwa "tuandikie imeili, mzee", eti mdomo hauna kumbukumbu.

Barua ya kwanza niliandika "madawti". Mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, si uwashe ukaguzi wa tahajia?" Nikaingia kwenye mipangilio, nikatia tiki pale pa kukagua unapoandika, nikatia na pale pa kukagua kabla ya kutuma. Dawa nikipewa nameza dozi mbili.

Mama yangu! Ukurasa mzima mistari myekundu, kama umetambaliwa na siafu. "Mheshimiwa" kosa. "Malipo" kosa. Hata jina langu kosa, jina nililochinjiwa mbuzi! Yaliyopona ni matatu: pole, wake, safari. Nikasema angalau haya nimeyapatia. Kumbe kamusi ni ya Kiingereza! Kwenye "pole" inaona mlingoti, kwenye "wake" inaona mtu anaamka.

Nikapakua ya Kiswahili, nikaichagua. Nomino zikatulia, vitenzi vikagoma. "Hamjanilipa" nyekundu. Mpwa akanieleza kwamba mtambo wenyewe wa kukagua tahajia, unaoitwa Hunspell, ulianzia kwenye Kihungaria, lugha inayobandika vipande kwenye maneno kama yetu, kwa hiyo tatizo si mtambo, ni kanuni ulizowekewa. Nikahesabu vidoleni: ha-m-ja-ni-lip-a, vipande sita. Na bado kuna hamkunilipa, hamjatulipa, hamtanilipa. Nani ataorodhesha yote hayo? Ila nilishangaa: kompyuta hailijui neno hilo, na ofisi ile nayo vilevile.

Basi nikawa nabofya kitufe cha kulia, "ongeza kwenye kamusi". Ongeza, ongeza, ongeza, sisomi. Katika pitapita hiyo nikaongeza na "madawti". Sasa hivi humu ndani madawti ni Kiswahili sanifu, ubishe usibishe.

Barua ikabaki nyeupe pee. Nikatuma kifua mbele. Miezi mitatu mhasibu alikuwa hajibu, siku hiyo akajibu kabla sijamaliza chai. Nikafungua mikono inatetemeka.

Nilikusudia kuandika "nakukumbusha deni". Vidole vikaandika "nakukumbusha dini". Na dini, kamusi inaijua vizuri sana, haikukohoa hata kidogo.

"Asante sana mzee wangu," kaandika mhasibu. "Ni kweli nimezembea. Jumapili hii nitakwenda."