A00: Nasaba Kongwe ya Kuumeni na Mzigo Tunaoitwika

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia huku Eastlands, alirudi na wanafunzi wake kutoka Makumbusho ya Taifa ya Nairobi akiwa na swali ambalo lilimshinda kulijibu ndani ya basi. Watoto walikuwa wameitazama mifupa ya mvulana wa Turkana, ambayo kipande chake cha kwanza kiliokotwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka 1984, wakaelezwa kwamba nchi yao ni chimbuko la binadamu. Ndipo mmoja wao akauliza: mbona kwenye simu ya babake amesoma kwamba nasaba ya kuumeni iliyo kongwe kuliko zote duniani imepatikana Kameruni? Mwalimu alinipigia jioni ile, na jibu langu lilikuwa kwamba mtoto hakukosea na makumbusho hayakukosea, ila kila upande ulikuwa unazungumzia jambo lake.

Nasaba yenyewe huitwa A00. Ilijitokeza pale sampuli ya DNA ya mzao wa familia moja ya watu weusi wa South Carolina, Marekani, ilipopimwa ikakataa kukaa kwenye tawi lolote lililokuwa likijulikana. Mwaka 2013 Fernando Mendez, Michael Hammer na wenzao walichapisha uchunguzi wao wa herufi takriban 240,000 za DNA ya kromosomu yake ya Y, ile inayobebwa na wanaume, na walipopekua sampuli nyingi za Waafrika wakakuta ndugu zake wa mbali: wanaume 11 wa jamii ya Mbo, magharibi mwa Kameruni. Mti wa kuumeni wa binadamu, ambao miaka miwili nyuma ulikadiriwa kuwa na shina la miaka 142,000, ukasukumwa hadi miaka 338,000.

Kabla ya kubishania tarakimu hizo, inafaa kukumbuka kinachohesabiwa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, karibu yote ikiwa kama ilivyo, isipokuwa makosa machache ya kunakili. Aliyewahi kulinganisha nakala za utenzi mmoja zilizoandikwa kwa mkono na waandishi mbalimbali wa Lamu ataelewa upesi: nakala mbili zinazoshiriki kosa moja zimetoka kwenye mkono mmoja, na wingi wa tofauti kati yake huonyesha zimepishana kwa vizazi vingapi vya unakili. Ukijua mwandishi wa kawaida hukosea mara ngapi, unaweza kukisia umri wa nakala ya asili. Usipojua, umebaki na idadi ya makosa tu.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozuka. Mendez na wenzake walitumia kasi ndogo ya makosa, na kasi ikiwa ndogo muda hurefuka. Wao wenyewe walikiri upana wa makadirio yao, kati ya miaka 237,000 na 581,000. Mwaka 2014 Eran Elhaik na wenzake waliwapinga kwa ukali, wakidai kwamba kasi hiyo ilichaguliwa vibaya, na wakashusha umri hadi miaka 208,300. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini zote zilikuwa zikikisia kasi kwa njia ya kuzunguka. Kilichosaidia ni mfupa wa paja uliopatikana Ust'-Ishim, Siberia, wa mwanamume aliyekufa yapata miaka 45,000 iliyopita. Kromosomu yake iliacha kunakiliwa siku aliyokufa, hivyo makosa anayopungukiwa nayo akilinganishwa na wanaume wa leo ni makosa ya miaka 45,000, na kasi inapatikana kwa kugawanya tu. Tangu kipimo cha namna hiyo kianze kutumika, makadirio yamekaribiana: uchunguzi mkubwa wa mwaka 2015 ulitoa miaka 254,000, na ule wa mwaka 2020 ukatoa takriban 249,000. Kwa maoni yangu mjadala wa umri umekwisha kwa sehemu kubwa. Namba ya kwanza ilizidi, ya Elhaik ilipungua, na anayeendelea kutangaza miaka 338,000 kana kwamba hakuna kilichotokea baadaye anawapotosha watu.

Mjadala wa chanzo ni mgumu zaidi, na hapa siwezi kuwa mwepesi wa kuhukumu. Umri wa 338,000 ulipotangazwa, mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yalihesabiwa kuwa yale ya Omo Kibish, Ethiopia, ya miaka 195,000. Nasaba ilikuwa imewapita wenye nasaba. Baadhi ya wataalamu wakapendekeza kwamba huenda A00 haikuanzia kwetu, bali iliingia kutoka kwa jamii nyingine ya kale ya binadamu iliyochanganyika na wahenga wa Afrika Magharibi. Hawakuzungumza hewani: fuvu la Iwo Eleru, Nigeria, lina takriban miaka 13,000 tu lakini umbo lake linafanana na mafuvu ya kale zaidi kuliko umri huo. Mwaka 2020 wanajenetiki Durvasula na Sankararaman nao walieleza dalili katika DNA ya watu wa Afrika Magharibi za mchango wa jamii ya kale ambayo mifupa yake haijatambuliwa. Na kwamba kromosomu Y inaweza kuvuka kutoka jamii moja hadi nyingine kuna ushahidi wake: kromosomu Y ya Neanderthali, jamii ya kale ya binadamu iliyokwisha kutoweka, inaelekea kuwa iliingia kwao kutoka upande wetu, ikaifuta ile waliyokuwa nayo.

Hata hivyo, hoja hiyo imepoteza nguzo yake kuu. Mwaka 2017 mabaki ya Jebel Irhoud, Moroko, yaliwekwa kwenye miaka ipatayo 300,000. Umri wa Omo Kibish nao ulisogezwa mwaka 2022 hadi zaidi ya miaka 200,000. Mifupa ikapanda kuelekea juu huku nasaba ikishuka, na vikakutana njiani. Nasaba ya miaka 250,000 ndani ya watu walioanza kuonekana miaka 300,000 iliyopita haihitaji mgeni wa kuileta. Mchanganyiko na jamii nyingine unaweza kuwa ulitokea kweli, lakini A00 si shahidi wake, na mimi naegemea upande wa wanaoiona kuwa tawi letu wenyewe lililonusurika.

Kunusurika ndilo neno. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ana mabinti wanne, na wajukuu wake hupanda ngazi zetu kila Jumamosi kwa kelele za soko zima. Hakuna anayeweza kusema mzee huyo hana uzao. Lakini kromosomu yake ya Y inaishia kwake, kwa sababu tu mwana wa kiume hakuzaliwa. Ukizidisha bahati hiyo kwa maelfu ya vizazi, nasaba nyingi za kuumeni hufutika bila vita wala tauni, na moja moja huponea mahali ambapo huenda hata hazikuanzia.

Kwa hiyo je, Kameruni ni chimbuko? Ushahidi ulio bora kwa upande huo umetoka kwenye pango la Shum Laka, katika nyanda za juu za kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ambako watoto wanne walizikwa, wawili miaka ipatayo 8,000 iliyopita na wawili miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Mwaka 2020 DNA yao ilichapishwa, na mmoja wao, mvulana wa umri wa kubalehe, alikuwa na A00. Nasaba hii basi haikuletwa huko juzi. Lakini cha kushangaza ni kwamba watoto hao, waliozikwa karibu kabisa na eneo ambalo wanaisimu hulitaja kuwa kitovu cha lugha za Kibantu, hawaelekei kuwa wahenga wa karibu wa Wabantu wa leo. Sehemu ya asili yao inawakaribia zaidi wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati. Wenyeji walibadilika, nasaba ikabaki kwa wachache. Miaka 8,000 ni sehemu ndogo mno ya miaka 250,000, na kumtaja mtu mahali alipo leo kuwa ndipo babu yake wa kwanza alipozaliwa ni kama kuhesabu kila aishiye Kayole kuwa mzaliwa wa Kayole.

Liko pia kosa la kuwaita watu wa Mbo jamii kongwe kuliko nyingine. Ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za wahenga, na mstari wa kuumeni ni nafasi moja kati ya hizo. Pwani yetu imelionyesha jambo hili vizuri: DNA ya mifupa ya miji ya kale ya Waswahili, ikiwemo Mtwapa na Manda, iliyochapishwa mwaka 2023, ilikuta kromosomu Y nyingi za asili ya Uajemi ndani ya watu ambao upande wa kukeni ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Anayesoma mstari mmoja tu atawaita Waajemi, na anayesoma ule mwingine atawakana Waajemi kabisa.

Nilimshauri mwalimu awaambie wanafunzi kwamba mvulana wa Turkana, mwenye umri wa miaka milioni 1.5 na zaidi, haingii kabisa katika swali la A00, kwani aliishi kabla ya matawi haya yote. Akaniuliza ni lini basi tutajua A00 ilianzia wapi. DNA ya kale zaidi iliyosomwa kusini mwa Sahara ina takriban miaka 18,000, kwa sababu joto na unyevu huila upesi, na mifupa ya msitu wa Kameruni ya miaka 200,000 iliyopita, kama ipo, huenda imekwisha kuwa udongo.