"Ukosefu wa matengenezo" si sababu. Nionyeshe beringi

Kuna sentensi moja kwenye barua za kukataa waranti inayonichefua kuliko harufu ya oili iliyoungua: "Uharibifu umetokana na ukosefu wa matengenezo, hivyo dai lako halikubaliki." Basi, imeisha. Hakuna kipande kilichotajwa, hakuna kipimo, hakuna hata picha. Injini imegonga (inatoa mlio wa chuma kwa chuma), waranti bado hai, na mwenye gari anajibiwa mstari mmoja kama mtoto aliyekosa kufanya kazi ya nyumbani.

Mimi nasema hivi: anayekataa dai ndiye aeleze kosa la mwenye gari lilifikaje kwenye chuma kilichoharibika. "Ulichelewa servisi" ni tuhuma tu. Servisi iliyochelewa haiunguzi mota ya madirisha, wala haipasui waya. Na pale inapoua kitu kweli, huwa inaacha alama ambazo fundi yeyote mwenye tochi anaziona.

Chukua injini iliyogonga chini, maana hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipo. Injini ya kawaida ya silinda nne ina jozi nne za beringi (vipande vya chuma laini vinavyozuia msuguano) za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti, na krenkishafti, mhimili mkuu unaozunguka, inakalia beringi kuu tano. Zote zinategemea pampu moja ya oili. Kama oili ilipungua kwa muda mrefu au iligeuka tope, shida hiyo inazunguka injini nzima. Ukifungua kifuniko cha juu utakuta masizi mazito meusi yameganda kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Ukishusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, utakuta chujio la pampu limezibwa na uji huohuo. Beringi moja inaweza kutangulia kufa, lakini jirani zake hazibaki salama: zina mikwaruzo, tabaka la juu limelika, na zile zenye shaba ndani zinaanza kuonyesha wekundu.

Sasa geuza. Beringi ya silinda ya tatu imeyeyuka na kuzunguka kwenye kikalio chake, na zile nyingine tatu zina rangi ya kijivu iliyotulia, kamshafti inang'aa, chujio ni safi. Niambieni, ni servisi gani iliyorukwa inayochagua silinda ya tatu peke yake? Hapo maswali yanahamia kwingine. Je, tundu la oili kwenye krenkishafti lina uchafu wa chuma uliobaki tangu kiwandani? Boliti za kifuniko cha konrodi zilikazwa inavyotakiwa? Beringi ilikaa sawa kwenye kikalio, na nafasi yake ilipimwa? Na kama nusu ya juu ndiyo iliyopondwa huku ya chini iko nzima, fikiria mzigo wa mlipuko, ukague injekta (kinyunyizia mafuta) na pistoni ya silinda hiyo. Hayo yote yanahitaji mtu apime, aandike, apige picha. Kuandika "matengenezo duni" hakuhitaji hata kunawa mikono.

Ndiyo maana karatasi ya ruhusa ya kufungua injini ni hatari kuliko barua yenyewe. Gereji nyingi zitakutaka usaini kwamba dai likikataliwa, gharama ya kufungua ni yako. Usisaini ikiwa wazi. Andika kwa mkono wako hatua ya kwanza ni ipi, kwa mfano kushusha sampu na kutoa filta, kisha kazi isimame mpaka upewe picha na bei ya hatua inayofuata. Andika pia kwamba kila kipande kitakachotolewa kitawekwa kwenye mfuko wenye namba ya silinda, na hakitatupwa wala kusafirishwa kwa mtengenezaji kabla hujakipiga picha. Beringi zilizochanganywa kwenye ndoo moja hazina ushahidi tena, ni chuma chakavu.

Filta ya oili ikatwe kwa kikata filta, si msumeno, kwa sababu msumeno unamwaga vumbi la chuma mle mle unamotafuta chuma. Oili ichukuliwe takriban mililita 100 kwenye chupa safi na kavu. Acha ya mwanzo imwagike, kinga ya katikati. Maabara itaonyesha kama imeingia maji ya rejeta (sodiamu au potasiamu hupanda), kama imechanganyika na petroli, kama imepoteza uzito, yaani imekuwa nyepesi kama maji. Silikoni ikipanda watarukia kusema filta ya hewa ilikuwa mbovu. Wakumbushe kwamba injini changa hutoa silikoni kutoka kwenye gundi ya gasketi.

Na tafadhali, kodi za hitilafu, zile namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, zisifutwe. Fundi akichomeka mashine ya kuzisoma na kuzifuta, anafuta pia kumbukumbu ya hali ya gari pale kosa lilipojitokeza: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo, mzigo. Hiyo kumbukumbu ndiyo inayoweza kumaliza hoja ya "uliendesha ikiwa imechemsha". Piga picha kioo cha mashine kabla mtu hajagusa chochote.

Haya, wenye magari nao si malaika. Yupo anayeona taa nyekundu ya oili na kuongeza sauti ya redio. Huyo hata kama pampu ilikuwa mbovu tangu kiwandani, amejivunjia dai mwenyewe, maana kilichoharibika baada ya taa ni mkono wake. Yupo pia aliyebadilisha programu ya injini kupata nguvu, akairudisha ya zamani akidhani haitajulikana. Kompyuta nyingi za injini huhesabu zimeandikwa upya mara ngapi. Na risiti iliyoandikwa "servisi" bila tarehe, kilomita, daraja la oili na idadi ya lita ni karatasi ya kufungia maandazi. Injini inayobeba lita 4.2 ikiwa risiti inaonyesha lita 3, umewapa silaha.

Kuhusu "hukufanya servisi kwetu": Marekani ina sheria tangu 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtoa waranti kukulazimisha kutumia kipuri au huduma ya jina fulani, isipokuwa akupe bure au awe na kibali maalumu cha tume ya biashara ya serikali kuu (FTC). Uingereza, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inachukulia kwamba kasoro iliyojitokeza ndani ya miezi sita ilikuwepo tangu gari lilipokabidhiwa, na hapo unamdai muuzaji, si mtengenezaji. Kwingine, soma kijitabu cha waranti na sheria ya mlaji kabla ya kupiga meza.

Barua yako iwe fupi. Taja namba ya chasisi, kilomita, tarehe ya kosa, kisha uulize matatu: kipande gani kilianza kuharibika, ni kipimo gani kinaonyesha hivyo, na servisi ipi iliyokosekana ingeweza kuleta uharibifu huo. Ukimlipa mkaguzi huru, mpe maswali hayohayo. Usimuulize kama waranti inahusika, hilo si lake. Na gari likibaki gereji mkibishana, waulize kwa maandishi ada ya kulaza gari inaanza lini, kwa sababu wengine huikumbuka siku unapokuja kulichukua.