Kukataliwa bila maelezo: haki ya watengeneza programu wa Mbeya

Kijana wa Iyunga akitengeneza programu ya kuwaonyesha wakulima wa viazi wa Uyole bei za soko la Mwanjelwa, kazi yake haimfikii mkulima mpaka Google ikubali. Simu nyingi huku kwetu ni za Android, na mtu akitaka programu anafungua Play Store, duka la programu la Google, basi.

Wenye maduka ya namna hiyo wana hoja nzito ya kukagua programu kabla ya kuzikubali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mikopo ya kausha damu tunaijua: unachelewesha rejesho kidogo tu, shemeji na mwajiri wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Fedheha hiyo hutokea pale programu inaposoma namba zote zilizomo kwenye simu yako. Mwaka 2023 Google ilipiga marufuku programu za mikopo kugusa namba na picha za mteja. Anayetaka duka liwe holela anamsahau mama aliyedhalilishwa mbele ya wanakwaya wenzake. Kwa hilo mimi natetea ukaguzi, na ningependa ukazwe zaidi.

Masharti ya kuingia nayo sioni kama ni uonevu. Google hutoza dola 25 mara moja tu, ingawa dola 99 za Apple, tena kila mwaka, ni mzigo kwa anayeanza. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 zilitakiwa kuwa na watu 20 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla haijatolewa kwa wote. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Ni usumbufu, lakini sharti limeandikwa, lina namba, na kijana anaweza kulitimiza kwa kuwaomba wenzake wa chuo.

Kinachoumiza ni jibu la kukataliwa linalotaja kifungu cha sera bila kuonyesha sehemu yenye kosa. Atarekebisha nini? Vibaya zaidi, Google inaweza kufunga akaunti kwa kuihusisha na nyingine iliyokwisha kufungwa. Asipoambiwa ni ipi, aliyefungiwa hana cha kujitetea nacho kwenye rufaa.

Wanaotetea kutotoa sababu husema maelezo ya kina yanawafundisha matapeli kukwepa. Kuna ukweli ndani yake, ila mzigo unamwelemea asiyestahili. Tapeli hufungua akaunti nyingi, akijifunza kila anapokataliwa. Mkweli ana moja, na ikifungwa ndio mwisho wa kazi yake.

Tena kutoa sababu kunawezekana. Tangu Julai 2020, sheria ya Umoja wa Ulaya inalitaka duka linalomsimamisha au kumfungia mfanyabiashara wa huko limpe sababu mahususi kwa maandishi, na kwa kawaida taarifa ya siku 30 kabla ya kumfungia kabisa. Matapeli wapo Ulaya pia, na maduka hayakuondoka. Tume ya Ushindani na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zingeanza na kudai hilo moja, maelezo ya maandishi kwa kila Mtanzania anayefungiwa, kabla ya kugusa suala la kamisheni ambayo maduka hukata kwenye mauzo, ambalo wakubwa wamekuwa wakilipigania mahakamani huko Marekani.