Babu hakuzaliwa mzee

"Huyo amekula chumvi nyingi." Siku tulipomzika babu, maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko pole. Miaka 94, sasa mnalia nini? Najua wengi waliyasema kwa nia njema, lakini yalinikera, na hadi leo yananikera, kana kwamba huzuni hupunguzwa kila marehemu anapoongeza mwaka. Mimi naona ni kinyume chake. Babu nilikuwa naye tangu sijajua kutembea hadi nilipoanza kuota mvi. Kabla ya asubuhi ile sikuwahi kuishi siku hata moja katika dunia isiyokuwa na babu. Hilo halizoeleki haraka eti kwa sababu lilitarajiwa.

Ila kuna jambo lililonisumbua kuliko hilo. Tulipokaa kumkumbuka, tulimkumbuka mzee. Mtu mwenyewe hatukumgusa.

Wasifu uliosomwa ulikuwa ukurasa mmoja. Alizaliwa mwaka 1930, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akastaafu, akaugua. Nusu ya chini yote tuliijaza sisi: watoto, wajukuu, vitukuu na kilembwe mmoja. Niliuandika mimi, kwa hiyo simlaumu mtu. Nilipofika kwenye umri wake wa miaka 20 hadi 40 nikakwama. Nikampigia baba, baba akampigia shangazi, shangazi akasema, "Andika tu alikuwa mchapakazi." Nikaandika. Miaka ishirini ya mtu ikaishia kwenye neno moja. Nikaandika pia kwamba alikuwa mpole, na pale lilipotamkwa niliona binamu zangu wawili wakitazamana. Babu alikuwa anaiba kwenye karata, tena waziwazi, na ukimkamata anayekasirika ni yeye. Na mdogo wake wa kiume walinuniana miaka sita, kwa sababu ambayo wote wawili wameondoka nayo.

Hebu tupige hesabu kidogo. Yule babu wa fimbo, miwani na kikohozi cha alfajiri, niliyemlilia mimi, aliishi miaka 25 hivi ya mwisho. Miaka karibu 70 ya kabla ya hapo alikuwa mtu mwingine kabisa: mtoto mkaidi, kijana asiyetulia, baba aliyerudi jioni amechoka na hataki kelele. Waliomjua huyo wa pili walitangulia kufa, mmoja baada ya mwingine, wakaenda na ushahidi wao. Ndivyo umri mrefu ulivyo. Unakuongezea watu wa kukuita babu, na kila mwaka unakupunguzia wa kukuita kwa jina lako.

Kuna yule Mfaransa, Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hakuna mtu mwingine ambaye imethibitishwa kwamba aliishi umri mkubwa kuliko huo. Watu wakimtaja huuliza alikuwa anakula nini. Mimi humfikiria kwa jambo lingine. Mtoto wake wa pekee, wa kike, alifariki mwaka 1934. Mjukuu wake wa pekee akafariki mwaka 1963. Yeye akabaki duniani miaka mingine 34, bila hata mmoja wa uzao wake. Babu yangu hakuyaonja hayo, sisi tulikuwepo tele, pengine kupita kiasi. Lakini bibi alikwisha kutangulia, na dada yake babu, wa mwisho niliyewahi kumsikia akimwita kwa jina, alifariki miaka minane kabla yake. Babu alizaliwa dunia ikiwa na watu kama bilioni 2, akaondoka wamezidi bilioni 8, na katika hao wote sikumjua hata mmoja wa kumwita kwa jina lake bila kuanza na heshima.

Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wana jambo moja ambalo laiti ningelijua mapema. Mtu aliyevuka makamo, ukimwambia asimulie maisha yake, mengi atakayoyatoa ni ya umri wa kati ya miaka 10 na 30. Babu alikuwa na visa vyake vitano, havizidi, na vyote vilikuwa vya umri huo. Tulidhani ni uzee unamrudisha palepale. Akianza tu, mmoja wetu anadakia, "Hicho umeshatusimulia, babu." Naye ananyamaza, anashika fimbo yake, anauliza kama geti limefungwa. Kumbe kila akirudia kile kisa alikuwa anajaribu kututambulisha kwa mtu ambaye sisi hatukupata kumwona.

Na si kwamba alituficha. Begani kwake, mkono wa kushoto, alikuwa na kovu la mviringo, pana kama kifungo cha koti, lenye vishimovishimo. Utotoni nililigusa kwa kidole nikamwuliza alichomwa na nini. "Chanjo ya ndui," akasema. Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani kote na ile chanjo ikaachwa, ndiyo maana mikono ya watoto wangu haina alama hiyo. Hayo nilifundishwa darasani na nikajibu mtihani. Lakini sikurudi hata siku moja kwa mwenye kovu kumwuliza. Je, aliwahi kumwona mgonjwa wa ndui kwa macho yake? Nani alimshika mkono akichanjwa? Alilia? Miaka zaidi ya 40 kovu lile lilikuwa mbele yangu, kila alipokaa na fulana, na mimi nikimwuliza kama amekunywa dawa.

Siku hizi nikimwona mtu ana mzee nyumbani, namwingilia hata kama hajaniuliza. Usimwambie "tusimulie maisha yako," maana atakupa wasifu, na wasifu mtauandika wenyewe. Mwulize viatu vyake vya kwanza vilikuwaje. Mwulize alimwogopa nani. Mwulize rafiki aliyemponza ni nani. Halafu, na hapa najisema mwenyewe, funga mdomo. Nina rekodi nne za sauti ya babu kwenye simu yangu. Nilipopata moyo wa kuzisikiliza, nikakuta katika tatu kati ya hizo anayeongea zaidi ni mimi. Katika moja namweleza jinsi ya kurekodi sauti.

Wiki tatu baada ya mazishi shangazi alinikabidhi daftari la babu la namba za simu. Dogo, jalada la plastiki, limefungwa kwa mpira uliokwisha kulegea. Herufi zimelalia kulia, kalamu imekandamizwa hadi mwandiko unapapasika upande wa pili wa karatasi. Hakuna jina lililokatwa, ila mengi yalikuwa na nukta moja ya wino pembeni. Nikadhani ni wadeni wake. Shangazi alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye nukta za ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, kisha akalirudisha kwangu. "Hawa wote walishakufa," akasema.

Nikahesabu. Majina 83. Yasiyo na nukta 19, na kati ya hayo 17 ni sisi wanafamilia. Yakabaki mawili nisiyoyajua. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili ikaita kwa muda mrefu, ndipo ikapokewa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitambulisha: mimi ni mjukuu wa fulani, nikataja majina yake yote mawili. Kimya. Nikayarudia kwa sauti kubwa, nikidhani labda hasikii vizuri.

"Aaa! Mjukuu wa Mbio!"

Mbio. Babu niliyemjua mimi alitumia dakika nzima kutoka kitandani hadi mlangoni, na tulikuwa tunamtania kwamba kobe angemwacha njiani.

"Mlimwita Mbio, babu?"

"Sote! Hana jina lingine huyo kwetu." Akacheka hadi akapaliwa. "Yuko hapo? Hebu mpe simu."

Najua nilipaswa kumwambia palepale. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwomba kwanza anieleze kwa nini walimwita Mbio.